Bahari Ilipojaa Kibomet

Chai ya Jumatano ilikuwa na chumvi.

Nasimiyu alipiga funda la kwanza, akaweka kikombe chini. Akamtazama binti yake Leila, aliyekuwa akimenya nduma kando ya jiko.

"Umeweka nini kwa hii chai?"

"Sukari, Mama."

"Sukari gani hii? Hebu onja."

Leila alionja, akaimwaga. Aliosha sufuria, akachemsha maziwa matupu bila majani wala sukari. Nayo yalikuwa na chumvi. Wakaenda wote wawili bandani, wakamkamua Sera, ng'ombe wao wa pekee, kwenye kikombe safi. Maziwa yalitoka moto na meupe kama siku zote. Ladha yake ilikuwa ya machozi.

"Si ni ile udongo ya baba yako anailamba," Nasimiyu alisema. "Ng'ombe akizidisha chumvi, na sisi tunakunywa." Akacheka kidogo.

Leila hakucheka. Sera alikuwa amelamba chumvi maisha yake yote, na maziwa hayajawahi kubadilika.

Udongo huo uliletwa na Hashim, baba yake Leila, wiki tatu nyuma. Kwa miezi minane alikuwa pwani, akifanya kazi kwa watu wanaokausha chumvi karibu na mahali ambapo mto unaingia baharini. Alirudi nyumbani Kibomet, nje kidogo ya Kitale, na lori lenye magunia sitini ya tope la kijivu, lililokauka na kupasuka vipande vipande. Watu wa pwani wasingelibeba tope lile hata hatua mbili. Lakini Hashim alizaliwa Kitale, akakua akisikia jinsi watu wa Mlima Elgon walivyokuwa wakiingiza ng'ombe mapangoni kulamba mawe ya chumvi. Alipochovya kidole kwenye lile tope na kukiweka mdomoni, aliona ng'ombe.

"Kule wanaikanyaga tu," aliwaambia. "Hawajui iko na kazi."

Na kweli wakulima walikuja, kutoka milimani na hata Naitiri. Leila ndiye aliyewapimia. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mpaka mwezi wa tano alikuwa Kidato cha Pili katika shule moja ya bweni kule Bungoma, kisha akaitwa nyumbani akae na stoo. Kaka yake Salman aliachwa aendelee na shule yake.

"Ni huu mwaka tu," Hashim alimwambia. "Januari utarudi. Mimi ni baba yako, nitakudanganya kwa nini?"

Leila aliamini. Sare yake ilikuwa imekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na jioni alisoma madaftari ya zamani ili wenzake wasimwache mbali. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko hiyo Januari.

Baba yake alimpa sharti moja tu la stoo. "Mchana ukiona maji sakafuni, usipige kelele. Fungua mlango wa nyuma yatoke. Fungua kwa mkono wako mwenyewe, usitume mtu. Ya usiku yaache."

"Maji ya nini, Baba, na hakuna mfereji?"

"Ni unyevu wa udongo. Wewe fungua tu."

Naye alifungua, kwa sababu hakuwa msichana wa kubishana. Zaidi ya wiki mbili hayakuwa maji ya kutisha, lilikuwa jasho la sakafu tu, alilolisukuma nje kwa ufagio. Hiyo Jumatano ya chai yalikuja kweli. Saa sita na dakika kumi yalitokeza chini ya magunia, yakapanda hadi vifundoni, baridi, yakinuka mayai yaliyooza. Leila alifungua mlango wa chuma wa nyuma, yakatoka kwenda kwenye majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Alichovya kidole, akaonja. Bahari hakuwahi kuiona, lakini alijua.

Alhamisi yalikuja saa saba.

Ijumaa alikuwa ameshaandika nyakati hizo nyuma ya daftari la jiografia, na alikuwa akiangalia saa ya ukutani, wakati Mzee Rotich alipoingia na gunia begani. Rotich alikuwa mkulima kutoka mlimani, mtu wa mizaha, aliyenunua udongo wiki iliyopita. Alilitua gunia mlangoni.

"Msichana ya Hashim. Baba ako wapi?"

"Ameenda mjini, Mzee."

"Mwambie ng'ombe yangu imeokoka." Akajifuta jasho. "Kumi na moja, zote, zinasimama laini kama ziko kanisa. Zinaangalia kule jua inatoka. Hazikuli, hazicheui. Nusu saa hivi, halafu zinarudi kwa nyasi kama hakuna kitu imefanyika. Bibi yangu Chelangat ameanza kuziogopa, anasema zinaomba."

"Jana zilisimama saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Juzi ilikuwa mapema kidogo."

Leila aliangalia daftari. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi, na ndani ya stoo kitu kilianza kulia ta-ta-ta, kama watu wengi wanaovunja viungo vya vidole kwa pamoja. Bandani Sera aliacha kucheua. Aligeuka polepole, kamba ikikaza shingoni, mpaka akatazama mashariki, kisha akatulia. Rotich alimwona. Mzaha ukamtoka usoni.

Maji yalifika kwenye kizingiti cha mbele, yakasimama pale. Hayakuvuka. Kilipita kitambo wakiyatazama.

"Mbona haimwagiki?" Rotich aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yananingoja nifungue nyuma."

"Inakungoja wewe." Alirudi nyuma hatua mbili, gunia akaliacha pale pale. "Hii chumvi mimi sitaki tena, hata ya bure. Na wewe sikia, mimi nimefuga miaka mingi. Mnyama akikungoja hivyo, ni kwa sababu mtu alimwonyesha wewe."

Akaondoka bila kungoja Hashim. Leila akafungua mlango wa nyuma. Nepia ilikuwa imekauka yote, njano, kama iliyochomwa na maji ya moto.

Jumamosi alijiambia hataingia mpaka maji yaishe, lakini saa tisa kasoro dakika ishirini miguu yake ilimpeleka yenyewe kama ilivyozoea. Jua lilikuwa kali nje, majirani walikuwa wakianika nguo, redio ya mtu ilikuwa ikitangaza mpira. Ndani ya stoo mwanga ulikuwa wa kijani. Sakafu ya simiti ilikuwa imetobolewa na vidole vyeusi vilivyosimama wima, mamia, kila kimoja urefu wa penseli, na kwenye kila kimoja kulikuwa na vitundu vidogo vilivyofunguka na kujifunga, vikifunguka na kujifunga, na Leila akatambua kwamba ile sauti ya pumzi aliyokuwa akiisikia tangu asubuhi, ambayo alidhani ni ya Sera, ilikuwa inatoka sakafuni. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wamepanda juu ya magunia, wote wakiinua gando na kulishusha kwa pamoja. Gunia la mwisho lilikuwa limepasuka, tope limerudi kuwa bichi, na ndani ya tope kulikuwa na alama ya mtu aliyelala chali, mrefu kuliko mlango, na alama hiyo ilikuwa ikijaa maji kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu anayevuta blanketi ajifunike.

"Leila binti Hashim," sauti ikasema kutoka kwenye tope. Haikuwa kali. "Leo umechelewa."

Na Leila, aliyesimama ndani ya maji, alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Samahani."

Akafungua mlango.

*

Jumapili, baada ya kusimuliwa yote, Nasimiyu alimpeleka binti yake mjini kwa Bi Khairunisa. Huyu alikuwa mama mzee aliyefundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti, na watu walimpelekea wagonjwa wao wasiojulikana wanaugua nini. Aliolewa Kitale miaka arobaini nyuma, lakini kwao ni kijiji cha pwani, penye mlango wa mto. Alimsikiliza Leila mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaomba lile daftari.

Alipitisha kidole kwenye zile saa. "Kila siku yasogea kama dakika hamsini," alisema. "Ndivyo maji yanavyojaa kwetu. Kesho mwezi utakuwa mpevu. Itakuwa bamvua, maji makubwa kuliko yote. Saa kumi na robo hivi."

"Bahari iko mbali, Bibi," Leila alisema. "Huku ni juu sana."

"Bahari iko mbali. Hori limeletwa hapa kwa magunia." Bi Khairunisa alikunja miguu. "Hujui hori ni nini, mwanangu. Mto waja na maji matamu, bahari yaja na chumvi, vinakutana nyuma ya tuta la mchanga. Hapo maji yanatulia. Kamba wanakulia humo, samaki wa baharini wanakuja kuzaa humo, mikoko yasimama kwenye tope na kupumua kwa mizizi, ile uliyoiona. Na yote hayo yaishi kwa mlango mmoja tu, mwanya kwenye lile tuta. Mwaka mmoja mchanga uliuziba, nikiwa mdogo. Siku ya pili maji yakaanza kunuka. Siku ya nne samaki walielea, na kaa wakatembea mpaka barabarani wakitafuta pa kwenda. Wanaume wa kijiji wakatoka na majembe, wakafungua."

"Na yule... aliyelala?"

"Kila hori lina mwenyewe. Mwenye hori hakai pasipo na mlango. Na hawezi kujifungulia." Alimtazama Leila kwa huruma. "Nani alikuambia ufungue?"

"Baba."

"Kwa mkono wako?"

"Alisema nisitume mtu."

Mama mzee alilifunga daftari. Kisha akamgeukia Nasimiyu. "Huyu alitolewa shule lini? Mumeo alipokuwa amesharudi, au bado?"

Nasimiyu alikuwa akicheza na ncha ya leso yake. "Alipiga simu kutoka huko. Mwezi ya tano. Alisema nitoe Leila."

"Alisema mtoto yeyote, au Leila?"

"Alimtaja." Sauti ya Nasimiyu ilishuka. "Nilimuuliza kwa nini si Salman, yeye ni mkubwa, ana nguvu ya kubeba gunia. Akasema hapana, lazima Leila. Nikafikiri ni mambo ya wanaume. Sikuuliza tena."

Leila alihesabu miezi kichwani. Mwezi wa tano baba yake alikuwa hajapata hata lori. Gunia la kwanza lilikuwa halijashonwa.

"Ametoa jina," Bi Khairunisa alisema. "Jina la mtoto hutolewa na mzazi, hakuna mwingine awezaye. Mwenye hori alikubali kuhama kwa sababu aliahidiwa mfunguaji. Sasa hivi unamfungulia kama mgeni. Ukimfungulia kesho, saa ya bamvua, utakuwa wake. Hutatoka tena kwenye mlango ule."

Walirudi Kibomet. Saa ya maji ilikuwa imepita bila mtu wa kufungua, na harufu iliwapokea mbali na nyumba. Chini ya mlango wa nyuma wa stoo samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa walikuwa wamejibana kwenye upenyo, wamekufa. Hashim alikuwa amepiga magoti mbele yao, akijaribu kuwasukuma ndani kwa vidole.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza Leila. Hakupaza sauti. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Ulikuwa wapi, mama? Unaona umefanya nini?"

"Baba, ulinitaja?"

Hashim alimwangalia mkewe, kisha akatazama chini.

"Yule wa kwenye tope alikuwa anatoka kila maji yakijaa," alisema. "Nilikuwa nachimba peke yangu, wenzangu walikataa kuja upande ule. Siku moja akaniuliza, nikichukua udongo yake nitamlipa nini. Nikamwambia sina kitu. Akasema, huko nyumbani kwako, nani hakatai?"

"Ukasema mimi."

"Salman angebisha. Unamjua Salman. Wewe tangu mtoto mdogo, ukiambiwa kaa, unakaa. Nikaona wewe hutaumia sana. Ni mlango tu, Leila. Si ungekuwa hapa hapa nyumbani, sisi tunakuona."

"Na Januari?"

Hashim alirudia kuwasukuma samaki. Leila alisubiri, kwa sababu bado kulikuwa na sehemu ndani yake iliyokuwa ikingoja aseme kwamba Januari ipo pale pale. Kisha sehemu hiyo nayo ikanyamaza. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akipiga pasi ile sare kila mwisho wa wiki, na baba yake akipita mlangoni, akiona, akisema, "Vizuri."

*

Jumatatu Bi Khairunisa alifika mchana kwa bodaboda, na majembe mawili yamefungwa nyuma. Hakuleta hirizi wala kuku. Alileta chupa ya kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa wino wa zafarani, akamnywesha Leila, kisha akamkabidhi jembe.

"Hori huuawa kwa kuzibwa mlango. Tutaliziba. Lakini udongo uwe wa hapa, mwekundu, usiojua bahari."

Walichimba shambani tangu saa saba, wanawake watatu, wakabeba kwa karai na kujaza mlango wa nyuma mpaka usawa wa kitasa, kisha wa mbele. Bi Khairunisa alinyunyiza kombe lililobaki juu ya kila tuta. Hashim alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono kati ya magoti, akiwatazama.

"Asipofunguliwa atarudi kwa mimi," alisema. "Mnajua hivyo?"

"Twajua," Bi Khairunisa alijibu. "Jina lililotolewa laweza kurudishwa. Simama mbele ya mlango, sema umejitoa wewe mahali pa mwanao. Basi, yaishe."

Hashim aliutazama mlango.

"Baba," Leila alisema.

"Wacha kwanza," alisema. "Wacha nifikirie."

Saa kumi ilifika. Barabarani watoto wa shule walikuwa wakirudi na mabegi mgongoni, wakirushiana maganda ya miwa. Sera aligeuka mashariki. Kisha maji yakaja, na safari hii hayakutambaa kutoka sakafuni bali yalipiga ukuta kwa ndani kama bega la mtu, mara moja, mara mbili, na dirisha dogo la stoo likawa kijani, kijani kikapanda, na nyuma ya kioo yakapita majani ya mkoko, yakapita macho ya samaki, kikapita kiganja kirefu cheupe kilichobandikwa kwenye kioo bila papara, kidole kimoja baada ya kingine, huku matone yakianza kutoka kwenye viungo vya matofali, na harufu ya tope ikajaa uani mpaka Nasimiyu akatapika.

"Leila binti Hashim," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Fungua."

Leila alikuwa ameegemea tuta la mlango wa nyuma kwa mgongo. Alisikia baridi ikipenya udongo, ikitafuta uti wake wa mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe kuelekea kitasa. Aliushika kwa wa kushoto.

"Fungua, mama," sauti ikasema, na sasa ilikuwa sauti ya baba yake, ile ya upole ya jioni. "Ni huu mwaka tu. Januari utarudi. Mimi ni baba yako, nitakudanganya kwa nini?"

Leila aligeuza kichwa. Hashim alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na midomo yake iliyopasuka ilikuwa ikitamka maneno hayo hayo, kwa wakati huo huo, neno kwa neno. Alikuwa akimtazama. Hakuwa amepagawa, macho yake yalikuwa yake. Alikuwa akisaidia.

Jambo hilo lilimuuma kuliko kile kiganja. Hofu ilibaki, lakini kulikuwa na kitu kingine chini yake, kigumu, ambacho hakuwahi kukikanyaga maishani mwake.

"Sifungui," alisema.

"Nimekuambia fungua."

"Nakataa, Baba. Sifungui."

Nyuma ya mlango kukawa kimya. Maji yaliacha kupiga. Mlio wa kaa ulikoma. Ilikuwa kama darasa zima limegeuka kumtazama mtu mmoja.

"Hashim bin Abdinasir," sauti ikasema.

Hashim alitikisa kichwa. Aliendelea kutikisa kichwa huku miguu yake ikija. Alimpita Leila bila kumgusa, akapiga magoti, akaanza kuchimba tuta kwa mikono, haraka, udongo mwekundu ukiruka kati ya miguu yake kama mbwa anayefukua. Nasimiyu alimshika shati, likararuka. Bi Khairunisa akamvuta Leila pembeni.

"Mwache," alisema. "Ajifungulie mwenyewe. Wewe usimsaidie, na usimzuie."

Mlango ulifunguka. Hakuna maji yaliyotoka. Ndani sakafu ilikuwa kavu, magunia yamepangwa vizuri, jua la saa kumi limelala juu yake. Hashim alisimama kizingitini akijipangusa magoti. Aligeuka kama anayetaka kusema jambo kwa binti yake, na Leila alingoja alisikie, lolote lile. Kisha akaingia kama mtu aliyeitwa ofisini, na mlango ukafungwa polepole nyuma yake.

Walipoufungua, muda mfupi tu baadaye, magunia yote sitini yalikuwa matupu, hata yale yaliyouzwa yalikuwepo, yamelala bapa kama ngozi. Sakafu ilikuwa na vitundu. Hashim hakuwemo. Jioni Rotich alipiga simu kusema ng'ombe wake wanakula tangu alasiri bila kuinua vichwa.

"Mwenye hori amehama naye," Bi Khairunisa alisema, akiyafunga majembe yake. "Mrudishe mtoto shule."

*

Januari ilipofika Leila alirudi Bungoma, akiwa nyuma kimasomo, katika bweni la wasichana ishirini na nne. Mama yake alikuwa amehamia kwao Naitiri. Wiki za kwanza Leila alilala usingizi mzito. Alipata rafiki, msichana mpole aitwaye Wacuka, aliyewafulia wenzake soksi kwa sababu tu walimwomba.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, baada ya chakula cha mchana, aliitwa na metroni, msimamizi wa bweni. Madam Wakiuru alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na simu ya ofisi ilikuwa imelazwa mezani.

"Baba yako," alisema. "Kumbe ni mtu mpole hivyo. Alikuwa amesahau uko bweni gani, ikabidi nimsomee orodha yote mpaka tukakupata."

Leila aliweka simu sikioni. Nyuma ya pumzi ya mtu palikuwa na sauti ya maji mengi.

"Hujambo, mama," Hashim alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, karibu haipo. "Mimi nimechoka. Mchanga ni mwingi, na mikono yangu imeisha. Ameniambia naweza kupata mtu wa kunipokea hii kazi."

"Baba, usinitaje."

"Wewe siwezi, ulikataa. Na Salman nimemtaja, hakuitika." Akakohoa. "Lakini hapa nina majina ishirini na nne. Yeye anasema mtu mzima aliyeachiwa watoto ni kama mzazi, na huyo mama ameyatoa mwenyewe. Niambie tu, kati yao, nani hakatai?"

Leila aliibana simu mpaka vidole vikauma. Upande ule kukawa na mnong'ono, kisha mtu mwingine, si baba yake, akaanza kuyasoma majina, taratibu, na baada ya kila jina alinyamaza, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi aitike.

Kisha Leila aliisikia sauti hiyo hiyo ikitokea bwenini, ng'ambo ya uwanja, akaiacha simu ining'inie. Alikuwa ameshavuka nusu ya uwanja, akikimbia, akipiga kelele wenzake wanyamaze, wasiseme lolote, wakati msichana mmoja ndani ya bweni alipoitika, kwa adabu, kama alivyoitika kila mara mtu alipomwita.